Siku Nilizoitafuta Imani ya Baba

Juzi wanawake wa jumuiya walikuja kunipa pole ya mguu. Niliwatandikia mkeka, nikawamiminia chai, wakakaa. Mguu ulizungumzwa kidogo tu, kwa adabu, kisha wakaingia kwenye jambo lililowaleta hasa: mtoto wa dada yangu, yule fundi cherehani, ameacha kwenda kanisani. "Bibi Skola," mmoja akaanza kwa sauti ya msibani, "kijana wetu amepoteza imani." Nikacheka. Sikukusudia, jamani, kicheko kilinitoka chenyewe hata chai ikanimwagikia mapajani. Wakatazamana. Najua walichosema walipofika barabarani: uzee huo, au na yeye ni walewale.

Nilicheka kwa sababu zamani, nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, baba yangu naye alipoteza imani, na mimi niliitafuta. Sisemi kwa mafumbo. Niliitafuta kwa mikono na magoti, nyuma ya mtungi wa maji, ndani ya majivu ya jikoni, katikati ya matuta ya mihogo. Nilijua kabisa inafananaje na nilijua ingelia vipi ikianguka sakafuni.

Mwenzangu uliyekulia misheni enzi za Mwingereza utanielewa. Sisi tuliobatizwa tulivaa medali, kibati chepesi chenye tundu, kimefungwa kwa uzi wa katani uliokuwa ukiwasha shingo wakati wa jua. Siku ya kuvishwa, Padri wetu, Mzungu mrefu mwenye ndevu nyekundu, aliinama mbele ya kila mtoto na kusema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula: "Pokea imani. Itunze. Usiipoteze." Sasa mtoto aelewe nini hapo? Nilielewa kwamba kile kibati kinaitwa imani. Ni kweli, nyumbani mama alipotuogesha alisema, "Vueni medali," lakini hilo halikunisumbua. Mimi mwenyewe kanisani nilikuwa Skolastika na nyumbani Skola. Nikaona basi na yenyewe ina jina la ubatizo na jina la nyumbani.

Baba alikuwa mwalimu wa dini. Misheni yetu ilikuwa juu ya kilima, upande wa Nyangamara, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya misheni: kuta zimepakwa chokaa, paa la bati, milango miwili yenye kitasa. Mvua ikinyesha hatukusikiana, nasi tulijivunia kutosikiana huko, maana wenzetu wote walilala chini ya nyasi. Baba alinukia chaki na mafuta ya baiskeli. Jumamosi alipanda baiskeli hiyo kwenda vijiji vya mbali kufundisha, na tulimsikia akirudi kabla hatujamwona kwa sababu alikuwa akiimba nyimbo za kanisa tangu bondeni, sauti nzito, akipandisha kilima bila kukata pumzi. Nilimpenda baba yangu kwa kumwonea fahari. Sijui kama nimewahi kupenda mtu mwingine hivyo.

Bibi, mama yake baba, hakukaa nasi. Alikaa ng'ambo ya mfereji, hatua chache tu kutoka jikoni kwetu, kwa kuwa ardhi ya misheni ilikuwa ya waliobatizwa na yeye hakubatizwa. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Alikuwa mwembamba, aliyewahi kuvaa ndonya, kile kipini cha mdomoni, tundu lake limebaki juu ya mdomo, na alinusa ugoro mpaka chozi linamtoka, kisha anacheka na chozi lile. Asubuhi alimwaga unga wa mtama kidogo kizingitini na kuwataja wafu wake mmoja mmoja, polepole, akiwapa habari za nyumbani. Nami nilisikia nikitajwa humo: Skola ameota jino, Skola amekuwa mchokozi.

Baba alimbembeleza miaka na miaka abatizwe. Padri naye alikuja, akakaa kwenye kigoda cha Bibi magoti yakimfika kidevuni, akamwambia ameshamchagulia jina zuri, Gertruda. Bibi akanusa ugoro. "Huyo Getuluda simjui," akasema. "Mkimwona mwambieni aje tunywe uji." Baba akamwambia, "Mama, nakuomba." Ndipo Bibi akaacha mzaha. "Mwanangu, mama yangu hakubatizwa. Baba yako hakubatizwa. Ndugu zako wale niliowazika wadogo hawakubatizwa. Nikienda huko mbinguni kwenu nitakaa na nani? Na Padri?" Padri akacheka, maana hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo makusudi. Ndiye aliyemfundisha baba kusoma, na mimi nilipougua homa alikesha na kwinini yake kando ya kitanda changu. Lakini baba hakucheka.

Kwaresima ilipoanza Bibi akaugua, na hakuugua siku nyingi. Mwalimu wa dini aliruhusiwa kumbatiza mtu anayekufa, kwa hiyo baba aliweka kikombe cha maji karibu na kitanda cha kamba. Bibi alikiona. Akavuta kaniki akajifunika uso, na kutoka humo ndani akasema, "Hapana, mwanangu." Baadaye akazimia, akalala hivyo kutwa kucha akipumua kwa mbali, baba amekaa na kile kikombe. Kulipopambazuka Bibi akakata roho. Nilipoingia na mama nikaona kikombe bado kimejaa.

Alizikwa makaburi ya wazee, nyuma ya mashamba. Waliomwosha ni wanawake pamoja na mtani wetu sisi Wamwera, Bi Somoe, Mngindo wa Likawage aliyeolewa kijijini kwetu. Mtu wa kusini hahitaji kuambiwa kazi ya mtani msibani, kuwatania wafiwa hata wacheke. Bi Somoe alivaa nguo za marehemu, akajaza ugoro puani, akapita katikati ya waombolezaji akipiga chafya na kuchechemea kama Bibi hasa, akidai uji wake na kumtukana baba kwa sauti ya Bibi: "We Damiani! Kichwa kikubwa umekijaza vitabu, hata nyasi za paa langu hukubadilisha!" Watu walicheka na machozi yanawachuruzika. Baba alikuwa amesimama kando ya udongo, mikono nyuma. Nilimwangalia nione kama atacheka, naye akacheka kidogo, kisha akageuka upande.

Padri alikuja kesho yake mchana kutoa pole. Nilikuwa chini ya dirisha nikichambua kunde na mama, tukasikia yote. Walizungumza vizuri mwanzoni. Kisha Padri akauliza, "Lakini Mwalimu, alipozimia, kwa nini hukummwagia maji?"

"Alisema hapana, Padri."

"Alipokuwa na akili alisema hapana. Alipozimia hakusema kitu. Ungemmwagia tu. Sasa angekuwa mbinguni."

Baba akasogeza kiti. "Mama yangu alinifundisha kupokea kitu kwa mikono miwili," akasema. "Kitu ambacho hukunyoosha mikono kukipokea, ukishikishwa ukiwa umelala, hicho ni kitu gani, Padri? Si zawadi hicho."

"Ni wokovu wake, Mwalimu! Kwa adabu tu umemwacha apotee?"

Mama aliacha kuchambua. Mimi nilishangaa mtu anapoteaje na sote tumeona alipozikwa.

Juma lililofuata tukarudi darasani. Lilikuwa darasa la Komunyo ya Kwanza, tupokee siku ya Pasaka, na gauni langu jeupe mama alikuwa ameshalikata. Kufundishwa kwenyewe mnakukumbuka: mwalimu anauliza, watoto tunaitikia kwa pamoja, bila kufikiri, kama watu wanaotwanga. Mimi nilikuwa na sauti kubwa kuliko wote. Baba akauliza hili, tukajibu. Akauliza lile, tukajibu. Kisha akasoma: "Je, mtu asiyebatizwa ataingia mbinguni?"

"Hataingia!"

Akatutazama. Akauliza tena, taratibu, kana kwamba hakusikia. Nasi tukadhani tumejibu kwa uvivu, tukapaza sauti mpaka kuta zikaitika: "Hataingia!"

Baba akafunga kitabu. Akakiweka juu ya meza, akapangusa chaki mikononi, akatoka nje. Tukakaa. Nilidhani tumekosea jibu. Nikawageukia wenzangu nikawaambia kwa hasira, mimi binti wa mwalimu, kwamba wao ndio walioharibu, nikawaongoza kulikariri upya ili akirudi tulipatie. Tulikariri hataingia, hataingia, hataingia, na yeye alikuwa ameketi ukutani nje ya dirisha. Hakurudi ndani siku ile wala siku nyingine.

Jioni alipokuwa akinawa uani na shati limefunguka ndipo nikaona shingo yake tupu. Uzi wa katani haupo, kibati hakipo, imebaki alama nyembamba mahali ulipokaa miaka yote. Na kesho yake jirani yetu, mke wa fundi seremala, akamwambia mama kwenye kisima maneno yale yale niliyoyasikia juzi kwenye mkeka wangu mwenyewe: "Pole, dada. Nasikia mumeo amepoteza imani." Moyo wangu ukapata unafuu. Kumbe ndilo hilo! Imeanguka mahali, ndiyo maana hafundishi, anaona haya mbele ya Padri.

Lakini watu wazima hawakutosheka na hilo. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, basi kilimani kwetu yalisemwa mengi. Mmoja alisema anataka mke wa pili, kuna mjane kule bondeni. Mwingine akasema sivyo, amesilimu kwa siri alipokwenda Lindi. Mke wa seremala akaapa ni uchawi wa marehemu mama yake, unga ule wa kizingitini. Hata katika Sala ya Njia ya Msalaba nilisikia nyuma yangu kwamba Mwalimu ameudhika kwa kunyimwa baiskeli mpya. Nimeishi muda mrefu tangu hapo, nimeona wengi wakitoka makanisani, na misikitini vilevile, na kila mara wanaobaki ndani hutafuta sababu iliyo ndogo kuliko yule mtu. Mwanamke, kinyongo, uvivu wa kuamka. Sababu ndogo inafariji. Maana kama mtu mwema anayeyajua maneno yote kwa moyo, aliyeyafundisha mwenyewe, anaweza kutoka kwa sababu kubwa, wewe uliyekaa kwenye benchi utalalaje? Katika wote wale, hakuna aliyevuka mfereji kwenda kumuuliza. Na alikuwa hapo hapo, akibadilisha nyasi za paa la Bibi. Mtu amekwishakufa, yeye anambadilishia nyasi.

Siku moja mama alinikuta nimelala kifudifudi nikichungulia uvunguni. Sikumwambia ninatafuta nini. Alikaa kitandani, akanivuta. "Skola, wewe mkubwa sasa. Padri amesema nyumba hii ni ya mwalimu wa dini. Kama baba yako hajairudia imani yake kabla ya Pasaka, tutahama. Na darasani hutakuwemo, na gauni lako tutaliweka." Alisema kwa upole. Mama aliipenda ile nyumba. Alipenda kanisa zaidi, na alimpenda baba, na mambo hayo matatu hayakuwa yamewahi kumgombania namna ile.

Ndipo nikatafuta kwelikweli. Siku hizo hazikuwa za mchezo. Nilipekua majivu mpaka nikapaliwa. Nilipita njia yote ya bondeni anakopita na baiskeli, nikichokoa kwa kijiti nyasi za pembeni. Mabibo yalikuwa yamekwisha kitambo lakini chini ya mikorosho bado kulinuka uchachu wake, na hadi leo harufu ile ikinipata natazama chini. Nilipekua hata kwenye nyumba ya Bibi, nikamkuta baba juu ya paa. "Unatafuta nini, mama?" akaniuliza, kwa kuwa aliniita mama, kama mabinti wanavyoitwa kwa heshima ya bibi zao. Nikasema, "Kitu chako." Akanitazama sana. "Kilichopotea?" "Ndiyo." Akashusha fungu la nyasi, akasema tu, "Usijichoshe, mama."

Pasaka ikafika. Wenzangu walipanda kilima na magauni yao meupe, tukasikia kengele tukiwa tumekaa juu ya mizigo. Baba alikuwa amepata kazi ya kuandika majina ya vibarua katika shamba la mkonge karibu na Lindi. Mama hakulia. Alikuwa amekwenda misa ya alfajiri peke yake, akarudi, akafagia nyumba yote vizuri, akafunga milango yote miwili, akampelekea Padri ufunguo. Akaniambia baadaye kwamba Padri aliupokea kwa mikono miwili.

Bi Somoe alikuja kutuaga, na kama kawaida yake akaja na matusi. "Nendeni! Mwera gani anakimbilia mkonge? Mtakuwa weupe kama katani!" Aliniona nimekaa pembeni ya mfereji ninalia. Akachuchumaa. "Na wewe umefiwa na nani tena?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote, kwamba ni kosa langu kushindwa kuiona, kwamba nimetafuta kila mahali, na sasa tunahama na imani ya baba itabaki huku ikiokotwa na watu.

"Imani ipi hiyo, mtoto wee?"

Nikatoa yangu kifuani nikamwonyesha. "Kama hii."

Bi Somoe alifungua mdomo kucheka. Nilikiona kicheko kikija, halafu nikaona kikifa njiani, akajishika kinywa. Alikaa chini kabisa, kwenye tope. "Mtani hafichi, lakini hili nilifungwa mdomo," akasema. "Sikiliza, na usimwambie mama yako leo. Siku ile tulipokwisha kumwosha bibi yako, baba yako aliomba tutoke amuage mama yake. Wenzangu wakatoka. Mimi mtani, mtani hafukuzwi, nikabaki na kanga yangu mdomoni nikitafuta la kumtania. Akavua hiyo. Hakumvisha. Alimfumbua mikono, yote miwili, akamwekea katikati, akaifumba. Akamwambia, 'Mama, sikuvishi. Nakushikisha tu. Huko mbele wakikuuliza, waonyeshe, wajue una mtoto. Kama huitaki, itupe njiani.'" Bi Somoe akajifuta pua. "Mimi huyu, Somoe, nilikosa la kusema. Haijapotea, mwanangu. Bibi yako anayo."

"Tukaifukue!" nikasema.

"Thubutu!" Akanipiga kofi la mgongo, la utani na la kweli kidogo. "Aliyepewa kapewa."

Lindi tulikaa miaka mingi. Kila Jumapili baba alimsindikiza mama hadi mlango wa kanisa la kule, akampokea mdogo wangu kutoka mgongoni mwa mama, akakaa naye nje kwenye ukuta mpaka misa iishe. Wakianza kuimba ndani alikuwa akimrusharusha mtoto kwa mapigo ya wimbo. Najua alikuwa na hamu ya kuimba, maana midomo yake ilikuwa ikienda. Hakuwahi kulisema vibaya kanisa, wala hakumzuia yeyote wetu. Mimi nilipokea Komunyo nikiwa mkubwa, gauni limeongezwa kitambaa kiunoni.

Lakini ninachokikumbuka hasa ni njia ya siku ile ya kuhama. Mama alitangulia na mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Baba alisukuma baiskeli iliyojaa magodoro na masufuria, mimi nimeshika kibebeo cha nyuma, na tukiwa tumekwisha kuliacha bonde nikaona nisipouliza nitapasuka. Bi Somoe alinikataza kumwambia mama. Hakunikataza baba.

"Baba, imani umempa Bibi?"

Baiskeli ikasimama. Hakuuliza nani kaniambia. "Ndiyo, mama."

"Sasa wewe, siku ukifika mbinguni, huna. Utaingiaje?"

Aliinama akaikaza kamba ya mizigo, ingawa haikuwa imelegea. Nilidhani amekasirika. Alipoinuka uso wake ulikuwa umelowa, na hakuuficha.

"Nitapiga hodi," akasema. "Mama yangu yumo ndani. Sauti yangu anaijua."